Unakwenda Kupasuliwa? Diklo Nayo Ina Adabu Yake

Mkazi wa Usa River akiandikiwa operesheni, iwe ya ngiri, kidole tumbo au uzazi, mara nyingi safari ni hospitali ya Tengeru, Nkoaranga au Mount Meru mjini. Akiruhusiwa, ndani ya kifuko cha dawa kuna uwezekano mkubwa wa kukuta diklofenaki au ibuprofeni. Kwa kidonda kibichi ni dawa nzuri, maana hutuliza maumivu na uvimbe kwa pamoja. Ila zina masharti.

1. Taja kila unachomeza. Huku Meru maji yana floridi nyingi. Ndiyo maana pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuyasafisha. Wapo wazee ambao kwa maji hayo mifupa inawauma miaka nenda rudi, na diklo kwao imekuwa kama chumvi mezani. Muulize, "Mzee, unatumia dawa yoyote?" Atajibu hapana, kwa sababu dawa kwake ni ile ya presha. Wewe uliyemsindikiza, sema. Bora zaidi, beba maganda ya vidonge umwonyeshe daktari wa usingizi.

2. Aspirini ni kesi yake peke yake. Diklo, ibuprofeni na aspirini zote hupunguza uwezo wa damu kuganda, ndiyo maana zitajwe kabla ya kupasuliwa. Ukiacha kumeza ibuprofeni, athari hiyo huisha baada ya siku moja hivi. Ya aspirini hudumu wiki moja na zaidi. Lakini kama uliandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo au kiharusi, usiikatishe kwa akili yako. Uliza kwanza.

3. Meza kwa saa, usingoje kulia. Ganzi ya mgongo ikiwa bado inafanya kazi, mgonjwa hujiona shujaa na kusukuma vidonge pembeni. Jioni wodi nzima inamsikia. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha kwamba dawa hizi huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu na uvimbe, na mwaka 1982 akapata Tuzo ya Nobel. Zile ambazo mwili umeshazitengeneza, dawa haizifuti. Ndiyo maana inafaa iwahi.

4. Panadol ni mwenza wa diklo, lakini soma ganda. Paracetamol, yaani Panadol, hupita njia nyingine, hivyo ikiambatana na ibuprofeni hutuliza kuliko kila moja peke yake. Balaa liko kwenye vidonge vya mchanganyiko. Diclopar ina diklofenaki na paracetamol ndani yake. Ukiongeza diklo ya kawaida, sindano ya diklo na Panadol, umerudia dawa zilezile kwa majina tofauti. Kwa mtu mzima, diklofenaki isizidi miligramu 150 kwa siku, na paracetamol isizidi gramu 4.

5. Si za kila mtu. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au moyo, pumu inayoamshwa na aspirini, anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, au mjamzito aliyevuka wiki 20, aseme kabla hajapewa. Anayetumia losartan ya presha pamoja na dawa ya kukojosha naye aseme, hasa kama anatapika au hanywi maji: figo zake zinaweza kuelemewa. Mama aliyejifungua kwa kupasuliwa asiogope ibuprofeni, inayopita kwenye maziwa ni kidogo sana.

6. Kula kwanza. Mtori, uji, hata loshoro. Chakula hupunguza kichefuchefu, hakikingi vidonda. Aliye hatarini huongezewa omeprazole ya kupunguza asidi tumboni. Mbege isubiri.

7. Ukiona haya, rudi hospitali, si duka la dawa. Choo cheusi tii, kutapika damu, mkojo kupungua, mshono kuvuja. Na maumivu yakizidi siku ya tatu au ya nne badala ya kupungua, usiongeze kidonge: diklo hushusha homa, kwa hiyo mshono unaweza kuwa unatunga usaha huku mgonjwa hana joto. Fungua bandeji mbele ya nesi aukague.