FUNDISHO: GINSI YA KUTUMIA PROGRAMU YA WINDOWS PASIPO WINDOWS



Mwezi huu ni zamu yangu kuandika fundisho. Nimechagua jambo lililotusumbua hapa shuleni, juu nasikia wengi wanaulizana: "Picha za biolojia zimepotea, sasa tutajitayarisha namna gani?" Hazikupotea. Lakini zilikuwa karibu kupotea, na kosa lilikuwa langu. Nitaeleza yote kwa utaratibu.

1. Mambo yalivyokuwa

Mnajua kwamba mwalimu wetu wa biolojia, aliyetuacha mwaka jana, alichora picha 43: moyo, figo, jicho, jani, ua la maharagi na nyingine mingi. Alizichora ndani ya ordinatere kwa programu inayoitwa CorelDRAW. Kila mwaka kalasi ya mwisho inazitumia kwa kujitayarisha na ekzame ya Serikali. Ordinatere yake ilipokufa, nakala ya zile picha ilibaki katika flashi moja tu.

Ordinatere ya sekretarieti ilikuwa na Windows, lakini CorelDRAW haikuwamo. Basi nikaenda mjini, nikalipa franka kidogo, nikapewa ile programu iliyovunjwa kufuli. Nikasema moyoni: nimesaidia shule. Kesho yake mashini ilijaa virusi, na kazi yote ya sekretarieti haikufunguka tena. Ilikuwa lazima fundi afute kila kitu. Kwa sababu mashini iko ya zamani, na Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, fundi aliweka Linux Mint pahali pake. Tunashukuru kwamba flashi ya mwalimu ilikuwa kwa mwalimu wa kemia, haikuguswa.

Siku chache baadaye tulifungua kabati ya marehemu. Ndani yake tulikuta sanduku la CorelDRAW, toleo la zamani, pamoja na namba yake halali. Shule ililinunua kwa haki. Kumbe nilitafuta mjini kitu cha wizi, na kitu cha halali kilikuwa hapa nyumbani! Lakini tulipoingiza disiki katika Linux, programu haikukubali kuanza.

2. Juu ya nini Linux ilikataa

Windows na Linux ni programu kubwa zinazotawala mashini yote. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki katika nchi ya Finland. Alikuwa na miaka 21, ni kusema mitatu tu zaidi ya yangu.

Programu ndogo ikitaka kufungua dirisha, kuandika herufi ao kutuma karatasi kwenye mashini ya kuchapa, haifanyi yenyewe. Inamwomba mtawala. Programu ya Windows inaomba kwa lugha ya Windows, na Linux haisikii ile lugha. Ni sawa mhubiri mgeni anayesimama mbele ya kanisa na lugha isiyojulikana. Mhubiri hana kosa, wasikilizaji hawana kosa. Mtu mmoja tu anakosekana: mtafsiri.

3. Mtafsiri anaitwa Wine

Kwa Kiingereza neno hili maana yake ni divai. Wazee wasiogope, hakuna chupa hapa! Wine ni programu ya bure inayosimama kati ya hawa wawili. Programu ya Windows inasema, "Nifungulie dirisha", Wine inageuza neno lile kwa lugha ya Linux, dirisha linafunguka. Kazi hii ilianza mwaka 1993, na tangu 1994 inaongozwa na Alexandre Julliard. Toleo 1.0 lilitoka mwaka 2008 tu. Miaka kumi na tano ya kutafsiri neno kwa neno! Hata leo kazi haijaisha.

CorelDRAW yenyewe iko na historia na Wine. Kampuni Corel ya Ottawa, Kanada, ilitoa CorelDRAW ya kwanza mwaka 1989. Mwaka 2000 ilitoa toleo la 9 kwa ajili ya Linux, kwa msaada wa Wine hiyohiyo. Kisha ikaacha ile njia. Aliyetegemea Linux alibaki njiani.

Iko njia nyingine: kujenga nyumba ndani ya nyumba. Programu kama VirtualBox inaiga ordinatere nzima, na ndani yake unaweka Windows kamili. Programu zinafanya kazi vizuri zaidi huko, lakini ni lazima mashini iwe na nguvu mingi, na ile Windows pia inataka ruhusa yake halali. Mashini yetu haiwezi.

4. Tulivyofanya

Kwanza: tuliweka Wine kwa njia ya duka la programu la Linux Mint. Hatukulipa kitu isipokuwa megabaiti za intaneti.

Pili: tuliandika winecfg. Wine ikatengeneza folda iliyofichwa, na ndani yake folda drive_c, ambayo programu inafikiri ndiyo disiki C ya Windows. Hapo tulichagua pia Windows ya zamani ya kuigwa.

Tatu: tulifungua setup.exe kwa Wine, tukaingiza namba ya sanduku letu.

Ine: tulitazama herufi. Picha nyingi zinataka Arial ao Times New Roman, zisizokuwamo katika Linux. Herufi zinazoitwa Liberation, zilizotoka mwaka 2007, ziko na upana uleule, kusudi maneno yasihame.

Tulipokuwa tukingoja, mwanafunzi mmoja wa kalasi ya nane akauliza: "Kapita, umejaribu kwanza kuzifungua pasipo CorelDRAW?" Sikujaribu. Tukajaribu na Inkscape na LibreOffice Draw, programu za bure za Linux zinazojua kusoma fishie za CorelDRAW. Picha 31 zilifunguka vema! Kumi na mbili zilikuja na majina yaliyohama: neno "mshipa" likaanguka juu ya pafu. Zile 12 tukazifungua kwa Wine na CorelDRAW. Tisa zikatoka safi. Tatu zimeshindikana kabisa: moyo uliokatwa, sikio, na mzunguko wa damu.

5. Maonyo mawili

Wine inatafsiri kila kitu, hata uongo. Virusi ya Windows ikipita kwa Wine inaweza kufanya kazi na kuharibu fishie zako. Kwa hiyo msiseme, "Niko katika Linux, sina woga," na kuchukua tena programu za kuvunjwa kufuli. Mimi nimekwisha kulipa kwa ajili yenu.

La pili ni kubwa zaidi. Toleo jipya la programu linaweza kudai konto ya intaneti kabla ya kufunguka, na hapo Wine mara nyingi inashindwa. Usiache kazi yako ya miaka mingi katika umbo ambalo programu moja tu inalifungua. Ukimaliza kuchora, weka nakala mbili zaidi: moja ya SVG, ambayo iko kanuni ya wote tangu 2001, na moja ya PDF kwa kuchapa. Mwalimu wetu alichora kwa ajili yetu wote, lakini ufunguo ulibaki ndani ya kabati yake. Tumekwisha kuweka zile picha 40 katika SVG na PDF, kwenye flashi tatu, pahali patatu mbalimbali.

6. Maulizo ya kujijaribu

a) Wine na VirtualBox zinatofautiana namna gani?
b) Juu ya nini ni vema kujaribu Inkscape mbele ya Wine?
c) Kazi yako mwenyewe iko katika flashi ngapi?

Tena ninaomba: anayejua kuchora kwa mkono aje kwangu Jumamosi baada ya kazi ya mikono. Karatasi za zamani za zile picha tatu zingali kwa mwalimu wa kemia, zimechakaa lakini zinasomeka. Tuzichore tena mbele ya ekzame.

Kapita wenu,
kalasi ya mwisho