SOMO LA AFYA: KUBADILI UNGA SI KUPUNGUZA WANGA

Mwananchi anapoambiwa kliniki kwamba ana kisukari, mara nyingi hatua yake ya kwanza huwa kuacha ugali wa sembe na kununua unga wa dona, mtama au ulezi. Hatua hiyo ina manufaa, lakini peke yake haitoshi, na yaweza kumgharimu fedha bila kumshushia sukari. Somo hili linaeleza sababu.

Wanga hufanya nini mwilini?

Wanga tunaokula humeng'enywa ukawa glukosi, yaani sukari inayoingia katika damu. Insulini ndiyo huiwezesha sukari hiyo kutoka katika damu na kuingia katika seli. Kwa mwenye kisukari, insulini ni haba au haifanyi kazi ipasavyo, hivyo sukari hubaki juu. Hali hiyo ikidumu, huharibu macho, figo, moyo na mishipa ya fahamu ya miguu.

Ulimi haupimi wanga

Takribani robo tatu ya uzito wa unga wa mahindi ni wanga, uwe wa sembe au wa dona. Unga wa mtama na wa ulezi haupishani sana na huo. Ubora wa nafaka isiyokobolewa ni nyuzinyuzi zake, ambazo hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Hata hivyo, anayekula bonge kubwa la ugali wa ulezi amekula wanga mwingi vilevile.

Wapo pia wanaodhani kwamba muhogo ni salama kwa kuwa si mtamu kama kiazi kitamu. Gramu 100 za muhogo mbichi zina wanga upatao gramu 38. Za kiazi kitamu, gramu 20. Za boga, gramu 7. Na za mchicha, chini ya gramu 5.

Jinsi ya kupanga sahani

1. Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, matembele, kabichi, bamia au biringanya.
2. Robo iwe samaki, dagaa, mayai, maharage au kunde. Maharage na kunde vina wanga pia, ila huyeyushwa polepole.
3. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali, ndizi za kupika au muhogo. Chagua kimoja, usivichanganye.

Mgonjwa hahitaji chungu chake. Familia nzima yaweza kula chakula hiki, na fedha za unga wa bei ghali zikanunua mboga.

Tahadhari

Anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi asipunguze wanga ghafla kabla ya kuonana na mhudumu wa afya, kwa kuwa huenda dozi ikahitaji kubadilishwa. Wajawazito nao wapate ushauri kwanza. Sukari ikishuka kupita kiasi, mgonjwa hutetemeka, hutoka jasho, huona njaa kali na huweza kuchanganyikiwa. Akiwa anaweza kumeza, apewe mara moja vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Akiwa amezimia, asitiwe chochote kinywani. Awahishwe kituo cha afya.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini ugali wa dona haupaswi kuliwa bila kipimo?
2. Katika sahani yako ya jana usiku, mboga zilichukua sehemu gani?
3. Je, dawa unazotumia zinaweza kushusha sukari kupita kiasi?

Asiyejua jibu la swali la tatu achukue dawa zake zote na kadi yake ya kliniki, aende kuuliza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye kabla ya kubadili mlo.