Mama Paka Mwenye Maziwa Machache: Mwongozo wa Kaya

Paka jike hubeba mimba kwa siku 63 hadi 65 na kwa kawaida huzaa watoto watatu hadi watano. Wengi wana chuchu nane, kwa hiyo ni nadra mtoto kukosa mahali pa kunyonya. Watoto wakilala njaa, chanzo huwa hali ya mama mwenyewe: hajashiba, hajanywa maji, ana minyoo au homa, au mahali alipozalia hapamruhusu kutulia. Kaya inayotaka kuwaokoa watoto hao huanza na sahani ya mama yao. Chupa na bomba la sindano huja baadaye, tena kama nyongeza tu.

Nyasubi, kama kata nyingine za Manispaa ya Kahama, paka hafugwi kwa urembo. Magunia ya mpunga na mahindi hulala stoo au chumbani, panya huyafuata, na paka huletwa amalize panya. Hapo ndipo yalipozaliwa mazoea ya kumpimia chakula ili asiwe mvivu wa kuwinda. Kwa paka asiyenyonyesha mazoea hayo huvumilika. Anayenyonyesha huhitaji chakula mara mbili hadi tatu ya kawaida yake, hasa wiki ya tatu na ya nne, na muda anaozunguka uani kutafuta panya ni muda ambao watoto wamelala bila joto. Panya wenyewe siku hizi huenda wamekula sumu ya dukani, na sumu hiyo humpata anayewala.

Dalili za njaa

Mtoto aliyeshiba ana tumbo la mviringo, hulala ameshikamana na wenzake, na hulia kidogo tu anapoguswa. Mwenye njaa hulia muda mrefu, hutambaa huku na huko akitafuta, kisha hunyamaza. Ukimya huo huwapotosha wengi wakadhani ametulia, kumbe ameishiwa nguvu. Njia ya uhakika zaidi ni mizani ya jikoni inayosoma gramu. Mtoto wa paka huzaliwa na gramu 90 hadi 110 hivi, huongeza gramu 10 hadi 15 kwa siku, na ifikapo mwisho wa wiki ya pili huwa ameongeza uzito mara mbili. Hupimwa kila siku saa ileile, ndani ya bakuli dogo lililotandikwa kitambaa. Kupungua kidogo siku ya kwanza si ajabu. Baada ya hapo, siku nzima bila kuongezeka inatosha kuanza kumsaidia.

Mji wenye wanunuzi wa dhahabu haukosi mizani inayosoma hata sehemu ya gramu, na kishawishi cha kuiazima kipo. Haifai. Mizani iliyopimia dhahabu iliyochomwa inaweza kubaki na zebaki, na kilicho juu yake huhamia kwa mtoto, kwenye mikono ya anayempima, na hatimaye jikoni.

Dang'a na joto

Maziwa ya mwanzo, yaani dang'a, hubeba kinga ya mama dhidi ya magonjwa. Utumbo wa mtoto wa paka huweza kupokea kinga hiyo kwa saa 16 hadi 24 za kwanza tu, kisha hujifunga. Kwa hiyo hata paka mwenye maziwa machache sana aachiwe watoto wote siku ya kwanza, na aliye dhaifu asaidiwe kushika chuchu. Hakuna maziwa ya dukani yanayoziba pengo la dang'a.

Joto huja kabla ya chakula. Wiki ya kwanza mtoto hawezi kujipasha mwenyewe. Hutegemea mwili wa mama na wenzake, na mahali alipo panatakiwa kuwa na nyuzi joto 29 hadi 32. Usiku wa Juni na Julai, katika nyumba ya bati na sakafu ya saruji, joto huwa chini sana ya hapo. Boksi la katoni lililoinuliwa kutoka sakafuni, likatandikwa magazeti na kitenge kikuukuu, hufanya kazi nzuri. Pembeni huwekwa chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa taulo, upande mmoja tu, ili anayeona joto limezidi aweze kusogea.

Mtoto aliyepoa hutambulika kwa kidole: ndani ya mdomo wake ni baridi. Huyu hapewi maziwa. Utumbo wake umesimama, na maziwa yatachachia tumboni au yatamrudia yaingie kwenye mapafu. Hupashwa polepole kwa muda wa saa moja au zaidi, kifuani mwa mtu juu ya nguo safi au karibu na chupa, na halishwi mpaka mdomo uwe vuguvugu na aanze kutafuta chuchu. Kumpasha haraka kwenye jiko la mkaa huua.

Kumrudishia mama maziwa

Maziwa hutengenezwa kwa kunyonywa. Kila chuchu inapovutwa, mwili wa mama hupata amri ya kutengeneza mengine. Chuchu isiyoguswa hukauka kwa siku chache. Ndiyo maana kumpokonya watoto "ili apumzike" huharibu zaidi. Hata wanaolishwa kwa bomba hurudishwa kwake, kwanza wanyonye, kisha waongezewe.

Chakula chake kiwe cha nyama au samaki kwa sehemu kubwa. Ugali uliochovywa kwenye mchuzi hujaza tumbo bila kumpa paka anachohitaji, kwa sababu mwili wake hautengenezi wa kutosha baadhi ya virutubisho vinavyopatikana kwenye nyama tu. Nyasubi ziwa haliko mbali kibiashara: dagaa wa Mwanza wako sokoni kila siku na ndio chakula chepesi kuliko vyote kwa mfuko wa kaya. Huoshwa mara mbili kuondoa mchanga, hulowekwa, huchemshwa bila chumvi wala kitunguu, na supu yake humwagiwa humohumo. Kitunguu na kitunguu saumu huharibu damu ya paka hata vikiwa vimepikwa. Vichwa vya sangara vilivyochemshwa na kuondolewa miiba, yai la kuchemsha, na kipande kidogo cha maini mara moja kwa wiki huongeza nguvu. Samaki mbichi wasitegemewe. Baadhi yao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, nacho hufa kwa kupikwa.

Apewe mara nne au tano kwa siku, chakula kikiwa karibu na boksi ili asilazimike kuchagua kati ya kula na kukaa na watoto. Maji safi yawepo saa zote. Paka asiyekunywa hatoi maziwa, na supu ni njia rahisi ya kumnywesha asiyependa maji.

Utulivu nao una kazi yake. Paka anayechunguliwa na kila mtoto wa nyumba hubeba watoto wake mmoja mmoja kuwahamishia juu ya dari au nyuma ya magunia, na kila uhamisho hupoteza joto na muda wa kunyonyesha. Mtu mmoja ateuliwe kuwahudumia. Wengine wasubiri mpaka macho yafunguke, kati ya siku ya saba na ya kumi na nne.

Maziwa ya kuongezea

Maziwa ya paka yana protini zaidi ya mara mbili ya maziwa ya ng'ombe. Anayelishwa maziwa ya ng'ombe matupu hujaa tumbo, huharisha, na hudumaa. Ya mbuzi hayana tofauti kubwa, ya kopo ya watoto wachanga wa binadamu hayafai, na maziwa ya mgando, hata yawe yanapendwa vipi Usukumani, si ya kiumbe ambaye hajafungua macho. Kinachofaa ni maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka. Si kila duka la dawa za mifugo huwa nayo, kwa hiyo kaya yenye paka mjamzito hufanya vyema kuulizia mapema.

Yakikosekana, kuna mchanganyiko wa kuvusha siku moja au mbili: kikombe kimoja, kama mililita 250, cha maziwa ya ng'ombe yasiyotolewa mafuta, yaliyochemshwa, na kiini cha yai moja. Hukorogwa juu ya moto mdogo mpaka yapate moto bila kuganda, huchujwa, na huachwa yapoe. Sukari na asali haziwekwi. Yaliyobaki baada ya siku moja humwagwa.

Bomba la sindano la mililita 1 au 3, bila sindano yake, linatosha. Maziwa huwa vuguvugu, joto la mwili, na hujaribiwa kwa tone kwenye kifundo cha mkono. Mtoto hulazwa kifudifudi kwenye taulo, kichwa kikiinuka kidogo, miguu ya mbele ikipata cha kusukuma, jinsi anavyokaa kwenye tumbo la mama. Hawekwi chali kama mtoto wa binadamu. Maziwa yataenda mapafuni. Ncha ya bomba huingizwa pembeni mwa mdomo, tone moja husukumwa, anameza, ndipo tone la pili. Maziwa yakitoka puani, kulisha kunasimama hapohapo na kichwa kinainamishwa.

Tumbo la mtoto wa gramu 100 hubeba mililita 4 hivi kwa mlo, na mara nyingi chini ya hapo kama pia ananyonya. Wiki ya kwanza asiyepata chochote kwa mama hulishwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku pia. Baada ya kila mlo, kama mama hamlambi, sehemu za chini hupanguswa taratibu kwa pamba yenye maji vuguvugu mpaka akojoe, kwani hawezi kujisaidia bila kuguswa. Jirani akiwa na paka mwingine anayenyonyesha vizuri, mtoto mmoja au wawili wanaweza kupakatishwa kwake baada ya kusuguliwa na kitambaa cha boksi lake.

Ugonjwa wa mama

Titi moja likiwa jekundu, gumu na la moto, au likitoa usaha, huo ni uvimbe wa matiti. Uchafu mwekundu au wa kahawia usionuka ni wa kawaida baada ya kuzaa; ukinuka, kizazi kimeoza ndani. Kutetemeka, kukakamaa na kuhema huku mdomo uko wazi, hasa wiki za kwanza za kunyonyesha, ni upungufu wa kalsiamu, na unaweza kuua ndani ya saa chache. Yote matatu ni ya daktari au afisa mifugo. Katika la mwisho watoto huondolewa mara moja na kulishwa kwa mkono.

Dawa za nyumbani ndizo zinazoua paka wengi kimyakimya. Kidonge kimoja cha paracetamol, iwe Panadol au nyingine, humuua paka mzima. Diclofenac nayo ni sumu kwake, na dawa za kupe za mbwa zenye permethrin hazipakwi kwa paka kabisa.

Katika ukanda wa Geita na Kahama kuna hatari nyingine isiyoonekana. Mchanga wa dhahabu ukishachanganywa na zebaki na kuchomwa, mvuke hutua juu ya nguo, vyombo na sakafu. Paka hujilamba manyoya, na zebaki hupita kwenye maziwa. Huko Minamata, Japani, miaka ya 1950, paka waliokula samaki wenye zebaki walianza kutetemeka na kuanguka kabla ugonjwa wa watu haujatambuliwa rasmi mwaka 1956. Dhahabu isichomwe nyumbani, na nguo za mwaloni, yaani za kuchenjulia dhahabu, zisitandikwe kwenye boksi la paka. Anayenyonyesha mtoto wa binadamu katika nyumba hiyo yuko katika hatari ileile.

Afya ya watu wa nyumbani

Minyoo ya paka hupita kwenye maziwa hadi kwa watoto na huweza kuwaambukiza watu, hasa watoto wanaochezea mchanga. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kuwashika. Kinyesi kiondolewe kila siku, kwa kuwa vijidudu vya toksoplasma huchukua siku moja hadi tano kuwa tayari kuambukiza. Kazi hiyo isifanywe na mjamzito. Mama paka anayelinda watoto anaweza kuuma. Jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na aliyeumwa aende kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa, ambacho paka pia huambukiza.

Kuanzia wiki ya nne watoto huonjeshwa dagaa waliopondwa, na wiki ya nane huweza kuacha kunyonya. Dawa ya minyoo, kwa kipimo cha mtaalamu, huanza wakiwa na wiki mbili au tatu, pamoja na mama. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa wakifikisha miezi mitatu. Mama anaweza kushika mimba nyingine angali ananyonyesha, kwa hiyo azuiwe kutoka nje usiku, na kufungwa kizazi kupangwe mara watoto wanapoachishwa.