Uvimbe Kunywea Si Kupona
Kijitabu cha kaya za Kisenyi kuhusu saratani na magonjwa ya damu

Kinachotukera kuliko vyote

Mtoto analetwa taya limevimba, meno yanacheza, jicho limesukumwa juu. Anapelekwa Taasisi ya Saratani, Mulago, anatundikiwa dripu ya kwanza. Muda si mrefu taya limenywea, mtoto anakula posho na maharage, anakimbiza mpira uchochoroni. Nyumba nzima inashangilia, jajja anashukuru Mungu, na daftari la kliniki linatupwa juu ya kabati. Tarehe ya dripu ya pili inapita. Ya tatu nayo inapita. Baadaye mtoto huyohuyo anarudi amebebwa mgongoni, na safari hii dawa zilezile hazifui dafu.

Uvimbe kunywea si kupona. Rudi tarehe iliyoandikwa.

Tutalisema hili tena na tena. Ukichoka kulisoma, msomee jirani.

Ugonjwa huo si uchawi

Uvimbe huo wa taya huitwa limfoma ya Burkitt. Jina ni la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hapo Mulago, aliyeandika habari zake mwaka 1958. Taasisi yenyewe ilianza 1967 kwa ajili ya wagonjwa wa namna hii. Ni saratani inayokua kwa kasi sana, na inayosikia dawa upesi mno. Hapo ndipo wazazi wanapodanganyika. Dawa yake ni dripu, tena si moja, kila moja na tarehe yake. Usikubali mtu amng'oe mtoto meno yanayocheza kabla daktari hajamwona. Usikubali achanjwe kwa wembe. Na ujue kwamba uvimbe huo wakati mwingine hujificha tumboni.

Saratani inaambukiza?

Hapana. Kuleni sahani moja.

Dalili za kukutoa nyumbani

Tezi shingoni au kwapani isiyoondoka. Uvimbe kwenye titi, hata kama hauumi. Usiouma ndio unaowapumbaza wengi. Damu ukeni baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma. Chakula kukwama kooni. Mabaka meusi au ya zambarau miguuni na mdomoni, hasa kwa anayeishi na VVU. Mtoto anayepauka, anayetokwa na damu puani mara kwa mara, mwenye michubuko bila kuanguka. Mtoto ambaye mboni yake inang'aa nyeupe gizani kama ya paka: huyo asingoje hata wiki, maana jicho likichelewa roho nayo imo hatarini. Hospitali ya Ruharo, Mbarara, inatibu saratani hiyo ya jicho.

Kina mama, kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi kwa siki ni cha dakika chache tu. Ulizeni kituoni. Anayeishi na VVU apime mapema na mara nyingi zaidi. Binti wa miaka 10 apate chanjo ya kuzuia saratani hiyo. Ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2015 na hailipiwi.

Siku za dripu

Nywele zitanyonyoka, zitaota tena. Dripu moja ni nyekundu, nayo hugeuza mkojo mwekundu siku moja au mbili. Hiyo si damu. Kunywa maji kwa wingi. Choo kikifunga, sema.

Homa ni jambo jingine. Mgonjwa wa dripu akichemka, hata usiku wa manane, anapelekwa hospitali saa hiyohiyo. Usimpe panadol kisha ukalala. Usipite duka la dawa kuomba sindano. Mwili wake hauna askari siku hizo. Homa ya asubuhi inaweza kumuua jioni. Asile rolex ya barabarani wala matunda yaliyokatwa Owino. Chakula kipikwe kwake, kiliwe cha moto, na anayekipika anawe kwa sabuni.

Akipata nafuu? Rudi tarehe iliyoandikwa.

Mitishamba

Usiichanganye na dripu. Kama umeshakunywa, mwambie daktari.

Vidonge vya kila siku

Kuna saratani ya damu ya taratibu inayozuiwa kwa kidonge kila siku, miaka na miaka. Mgonjwa anafanya kazi Katwe kama wenzake, anajiona mzima, anaanza kuruka siku. Anajiona mzima kwa sababu ya kidonge! Ukikiacha, ugonjwa unarudi, na pengine kidonge hicho hakitaufaa tena.

Nnalubiri

Vipimo vya watoto wachanga nchini mwaka 2014 hadi 2015 vilionyesha kwamba karibu 13 katika kila 100 wamebeba asili ya nnalubiri, yaani selimundu, upande mmoja. Wawili wa namna hiyo wakioana, wanaweza kuzaa mgonjwa, na lawama si ya mama peke yake. Pimeni kabla ya ndoa.

Mtoto mwenye nnalubiri anywe penisilini kila siku mpaka atimize miaka mitano, alale ndani ya neti, anywe maji. Aandikiwapo haidroksiyurea, maumivu hupungua na haja ya kuongezewa damu hupungua. Basi hapo ndipo watu wanapoiacha. Msiiache. Homa, kupauka ghafla, tumbo kuvimba upande wa kushoto, mkono au mguu kulegea, pumzi kubana: hospitali, sasa hivi.

Kabla ya tohara

Kama wajomba zake walivuja damu kupita kiasi walipotahiriwa, mtoto apimwe kwanza kama damu yake inaganda. Asipewe aspirini.

Mionzi

Mashine ya mionzi ya Mulago iliharibika 2016, na hadi leo mitaani utasikia kwamba mionzi haipo. Ipo, mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018. Kuchomwa ni kila siku ya kazi, kwa majuma, na kuruka siku kunaharibu hesabu yote.

Maumivu

Mofini ya maji si sumu ya kummaliza mgonjwa. Hutolewa bila malipo. Hospisi ya Makindye inafanya kazi hiyo tangu 1993.

Nauli

Tunajua boda ina gharama na kwamba siku ya kliniki ni siku ya kibanda kufungwa. Lakini watu wanatoka Arua na Kotido, wewe uko Kisenyi. Siku ya kupewa tarehe, mwonyeshe baba, shangazi na mwenye nyumba, ili mmoja wao aweke nauli kando mapema. Daftari litundikwe mlangoni, lisikae kabatini.

Umekosa tarehe?

Nenda kesho asubuhi na daftari lako, usingoje tarehe nyingine. Wauguzi wakikugombeza, waache wagombeze. Kaa kwenye benchi mpaka dripu itundikwe.