Somo la Ufundi: Tabo Inayopiga Mluzi

Ndugu mafundi wa Hai Amarat, gari la dizeli likiingia gereji likipiga mluzi, tusikimbilie kuagiza tabo mpya. Mluzi ukipanda kwenye mzigo, nguvu zikipungua na moshi ukiwa mweusi, tukague mipira ya hewa. Tuzime injini, tuzibe njia ya hewa, tusukume upepo kidogo na kupaka maji ya sabuni. Penye mapovu ndipo panapovuja. Mara nyingi ni kibano kilicholegea tu.

Injini ikipoa, tutikise mhimili wa tabo. Mapanga yakigusa ukuta, dereva asitumwe Nimule na gari hilo: oili ikivujia ndani, injini ya dizeli yaweza kwenda mbio hata swichi ikizimwa. Tabo mpya nayo isifungwe kabla ya kusafisha bomba la oili. Mhimili huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.