Kufundisha Historia kwa Majina ya Barabara: Mfano wa Barabara ya Samora, Dar es Salaam

Mwalimu wa shule ya msingi hutakiwa mara nyingi kufundisha habari za mahali ambapo wanafunzi wake hawajapata kupaona. Mwalimu aliye Ngenge, katika Wilaya ya Muleba, hukabiliwa na tatizo hilo anapofundisha historia ya mji wa bandari kama Dar es Salaam. Akiorodhesha tarehe ubaoni, watoto watazinakili na kuzikariri, lakini hawatajifunza jinsi historia inavyochunguzwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha namna barabara moja inavyoweza kuwa zana ya kufundishia.

Maarifa ya mwalimu

Kabla ya kuandika andalio la somo, mwalimu hana budi kuyafahamu mambo yafuatayo. Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kuujenga mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Mwaka 1891 Wajerumani waliufanya makao makuu ya koloni lao badala ya Bagamoyo. Barabara moja ya katikati ya mji waliiita Unter den Akazien, maana yake "Chini ya Migunga". Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, na chini yao barabara hiyo ikaitwa Acacia Avenue, jina lililotaja mti uleule. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 ikaitwa Independence Avenue, yaani Barabara ya Uhuru. Baadaye barabara ikapewa jina la Rais Samora Machel wa Msumbiji, aliyefariki katika ajali ya ndege tarehe 19 Oktoba 1986. Jina hilo halikuwa geni mjini humo, kwani chama cha FRELIMO kilichopigania uhuru wa Msumbiji kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1962.

Kando ya barabara hiyo kuna mnara wa saa, uliojengwa kuadhimisha Dar es Salaam kupandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 1961. Ipo pia sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza. Askari huyo ameshika bunduki yenye singe, ameielekeza upande wa bandari.

Hatua za somo

Hatua ya kwanza. Anza na njia inayopita karibu na shule. Waulize wanafunzi inaitwaje, na ni nani aliyeipa jina hilo. Hivyo watatambua kwamba kila jina limetolewa na mtu fulani kwa sababu fulani.

Hatua ya pili. Chora ubaoni mstari mrefu uwe ndiyo barabara, kisha andika majina yake manne kwa kufuatana. Usiwaambie mara moja nani alitoa jina lipi. Waache wayalinganishe. Watagundua kwamba majina mawili ya kwanza yanataja miti, la tatu linataja tukio, na la nne linamtaja mtu. Hapo ndipo uwaulize: nani alikuwa na mamlaka wakati jina hili lilipotolewa?

Hatua ya tatu. Eleza sanamu ya Askari. Maandishi yaliyo chini yake yanawataja pia wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi. Lakini anayeonekana juu ni askari peke yake. Waulize wanafunzi: mpagazi yuko wapi? Swali hili ndilo kiini cha somo. Jina na sanamu hutuonyesha wale walioamua kipi kikumbukwe. Waliofanya kazi chini yao hawana budi kutafutwa kwa njia nyingine.

Hatua ya nne. Lihusishe somo na Mkoa wa Kagera. Bustani ya mimea iliyo karibu na barabara hiyo ilianzishwa na Franz Stuhlmann, yule yule aliyefuatana na Emin Pasha wakati kituo cha Wajerumani cha Bukoba kilipoanzishwa Novemba 1890. Vita vinavyokumbukwa na sanamu ya Askari navyo vilifika Bukoba, ambako Waingereza walishambulia Juni 1915. Kwa hiyo habari za bandari ya mbali si za watu wengine.

Zoezi na tathmini

Kila mwanafunzi amwendee mzee mmoja na kumwuliza habari za jina la njia, kilima au kisima: nani alilitoa, na hapo awali mahali hapo paliitwaje? Yawezekana wazee wawili wakatoa maelezo yanayopingana. Mwalimu asiharakishe kuchagua moja na kufuta jingine. Ayaandike yote mawili ubaoni, kisha darasa lijadili ni ushahidi gani ungesaidia: mzee wa tatu, kaburi la zamani, mti uliopandwa kuwa mpaka, au karatasi iliyohifadhiwa nyumbani.

Katika kusahihisha, asitoe alama zote kwa kuyataja majina manne kwa mfuatano. Mwanafunzi aliyekosea mwaka mmoja, lakini akauliza kwa nini mpagazi hakuwekwa juu pamoja na askari, ameanza kuifahamu historia. Yule aliyekariri yote bila kuuliza lolote bado anahitaji msaada wa mwalimu.