Afya Yetu: Doti ya Ishirini na Tatu

Leo tujifunze jambo linalovunja nyumba nyingi hapa pwani ya Kilwa na Lindi. Mama akizaa watoto wa kike watupu, hulaumiwa. Husemwa kisimani. Wengine hupewa talaka. Je, ni kweli mama ndiye anayechagua mtoto awe wa kike au wa kiume? Si kweli. Tuone sababu.

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo sana. Jicho haliwezi kuziona. Ndani ya chembe hizo kuna nyuzi za urithi. Wataalamu huziita kromosomu. Kwenye nyuzi hizo zimepangwa jeni, yaani maagizo ya kuujenga mwili: kimo, rangi ya ngozi, aina ya damu.

Kromosomu za mtu ni 46. Zinakwenda mbili mbili, kama khanga. Akina mama wanajua: khanga huuzwa kwa doti, na doti ni vipande viwili. Basi mtu ana doti 23. Katika kila doti, kipande kimoja kimetoka kwa mama, cha pili kimetoka kwa baba.

Doti 22 ni za aina moja kwa wanawake na wanaume. Doti ya 23 ndiyo yenye habari. Mwanamke ana vipande viwili vinavyofanana. Kila kimoja huitwa X. Mwanamume ana X moja, na kipande kifupi kiitwacho Y. Kwa hiyo yai la mama hubeba X. Hana Y ya kutoa. Mbegu ya baba hubeba X au Y. Yai likikutana na mbegu yenye X, mtoto ni wa kike. Likikutana na mbegu yenye Y, mtoto ni wa kiume. Baba naye hachagui. Ni kama kurusha shilingi juu. Mwanamke mtaalamu wa Marekani, Nettie Stevens, aliligundua jambo hili mwaka 1905 kwa kuchunguza wadudu wa unga. Mwaka 1990 wataalamu wa London waliipata jeni ya kwenye Y inayoanzisha uanaume. Inaitwa SRY.

Mzee mmoja alikuja zahanatini. Ana mabinti watano. Alitaka dawa ya mkewe ili apate mtoto wa kiume. Nikamwuliza: "Shikamoo mzee. Ukipanda mtama shambani, ardhi itakupa mahindi?" Akanyamaza. Halafu akaniuliza swali zuri kuliko langu: "Mwanangu, kama hicho kipande cha mwanamume ni kifupi, kitaitwaje doti moja na mwenzake?"

Jibu liko kwenye pindo.

Zamani sana, kati ya miaka milioni 150 na 200 iliyopita, X na Y zilikuwa doti kamili. Zilifanana. Mwili unapotengeneza mbegu za uzazi, vipande vya doti hulala pamoja na kubadilishana sehemu. Kubadilishana huko husaidia kuondoa kasoro. Lakini sehemu za Y ziligeuka juu chini. Hazikuweza tena kulala sawasawa na X. Basi kubadilishana kukakoma hapo, na jeni nyingi za Y zikaharibika, zikapotea. Leo X ina jeni zaidi ya 800. Y ina kama 100 tu.

Hata hivyo, Y ni kama khanga iliyokatwa mbeleko: mji umepungua, lakini mapindo ya ncha zote mbili ni yale yale ya X. Pindo kubwa lina herufi za urithi kiasi cha milioni 2.7. X nzima ina kama milioni 155. Pindo dogo ni jipya zaidi. Hata sokwe, wale jamaa zetu wa Gombe, hawana pindo hilo.

Kila mwanamume anapotengeneza mbegu, X na Y hukutana kwenye pindo kubwa na kubadilishana nyuzi. Ndiyo maana pindo halijachakaa. Sehemu nyingine kubwa ya Y haibadilishani na X. Hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, kizazi hadi kizazi. Sehemu hiyo ndiyo huonyesha ukoo wa baba.

Hapa kwetu imetumika. Mwaka 2023 wataalamu, akiwamo Chapurukha Kusimba wa Kenya, walitangaza uchunguzi wa mifupa ya watu 80 wa kale wa Kenya na Tanzania. Ilikuwamo ya Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Watu wengi wa miji ya pwani walikuwa na mababa kutoka Uajemi na mama Waafrika. Mchanganyiko huo ulianza kufikia mwaka 1000 hivi. Kwa hiyo habari za Washirazi tulizosimuliwa na wazee si hadithi tupu. Lakini bibi zetu walikuwa wa hapa hapa. Pindo lenyewe lisingeweza kutoa ushahidi huu, kwa sababu huenda kwa wana na kwa mabinti.

Turudi kwenye afya. Pindo likikosa kushikana, X na Y huenda zisigawanyike vizuri. Mbegu huweza kubeba zote mbili, au kukosa zote. Basi huweza kuzaliwa mvulana mwenye X mbili na Y moja. Mara nyingi huwa mrefu, na akioa huenda asipate mtoto. Au msichana mwenye X moja tu. Huyu huwa mfupi, kwa sababu kwenye pindo kuna jeni ya kimo iitwayo SHOX, naye anayo moja badala ya mbili. Wasichana hao ni kama 1 kati ya 2,000 hadi 2,500. Wengi hawavunji ungo wenyewe. Wengine wana kasoro ya moyo. Hawakurogwa, wala mama zao hawakuvunja mwiko.

Ukiwa na binti wa miaka 15 ambaye ni mfupi sana kuliko wenzake na hajavunja ungo, mlete zahanati. Tutamwandikia barua ya kwenda Hospitali ya Kinyonga, Kivinje, au Sokoine, Lindi, ili moyo wake upimwe na aanzishiwe dawa za homoni kwa ushauri wa daktari. Baba, fuatana nao.